Muulize Karani: "Ni kweli, lakini yeye ndiye aliyeanza"

Barua za mwezi huu zimekuja kana kwamba walioziandika walikaa kikao kimoja. Karibu zote zinauliza habari ya kujitetea. Kwa msomaji mgeni, mimi nilikuwa karani mkalimani wa korti: nikaanzia Kisumu, nikapelekwa Kakamega, nikastaafia Nakuru. Kazi yangu ilikuwa kusimama chini ya meza ya hakimu nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili au Dholuo, na majibu ya watu nikimrudishia hakimu. Uwakili sikusomea. Utaratibu naujua kwa kuutazama ukiwaokoa watu, na ukiwaponda wale waliodhani kwamba kuwa na haki kunatosha.

Jaduong', salamu kutoka Ahero. Mimi ni mkulima wa mpunga. Mwenye duka la pembejeo amenishtaki, anadai shilingi 186,000 za mbolea na dawa nilizochukua kwa mkopo. Kijana mmoja aliniletea karatasi nikiwa matopeni shambani, nikatia sahihi. Nimeziweka kabatini nangoja siku ya kesi niende nimweleze hakimu kwamba kiasi nililipa kwa M-Pesa na mifuko mingine sikuichukua. Jirani ananiambia nachelewa. Nachelewaje na kesi haijaitwa?

Jirani yako anaijua korti. Zitoe hizo karatasi kabatini leo hii, uzisome juu hadi chini. Moja ni samansi, yaani mwito wa korti, nayo inakupa siku kadhaa, mara nyingi 15, za kujitokeza. Hakuna anayekutaka usimame mbele ya hakimu kwa sasa. Kujitokeza kwenyewe ni karatasi fupi unayoisajili kuiambia korti: habari nimepata, nitajibu, anwani yangu ni hii. Ukishaisajili, Kanuni za Kesi za Madai za 2010 zinakupa siku 14 za kuleta utetezi wako kwa maandishi. Siku zikipita na faili haina kitu chako, mdai anaruhusiwa kuomba hukumu, na kwa deni la kiasi kinachojulikana kama hilo lako, hukumu huandikwa bila kuitwa shahidi hata mmoja. Hiyo siku ya kesi unayoingoja haitafika. Atakayefika ni dalali wa mahakama, akihesabu ng'ombe zizini.

Sasa utetezi wenyewe. Nimesoma utetezi mwingi ulioandikwa na wenye kesi kwa mkono wao, na mwingi unaanza hivi: "Mimi ni mtu maskini, nina watoto sita, huyu mdai ni tajiri na ananionea." Hakimu ni binadamu, atakuhurumia, lakini hapo hujajibu dai lolote. Chukua ile hati ya madai uone kwamba aya zake zina namba. Jibu kwa namba. Tuseme aya ya 4 inadai ulichukua mifuko 30 ya mbolea, na wewe ulichukua 18. Andika: "Kuhusu aya ya 4, mdaiwa anakubali kwamba alipokea mifuko 18. Anakana mifuko 12 iliyobaki, na anasema hakutia sahihi stakabadhi yoyote ya mifuko hiyo." Aya ya 5 inasema hujalipa hata senti. Andika: "Mdaiwa anakana, na anasema alilipa shilingi 40,000 kwa M-Pesa kwenye namba ya simu ya mdai, kama taarifa iliyoambatishwa inavyoonyesha."

Umeona? Ulichokubali umekikubali, hakuna aibu. Walioniudhi ni wale wanaokana kila kitu, hata kwamba wanamjua mdai, halafu siku ya kuhojiwa wanaonyeshwa picha wakila pamoja harusini. Kwa upande mwingine kanuni ni kali: jambo lililodaiwa na wewe usiligusie huhesabiwa kwamba umelikubali, na kukana kwa jumla, "madai yote ni uongo", hakukuokoi. Pamoja na utetezi unapeleka orodha ya mashahidi wako, maelezo yao yaliyoandikwa, na nakala za stakabadhi zako. Tangu 2024 usajili umehamia mtandaoni nchi nzima, kwa hiyo utapitia saiba, yaani duka la intaneti. Kijana wa saiba atakusaidia kuskani, asikusaidie kufikiri.

Na kama siku zimeshapita na hukumu imeandikwa? Kanuni hizo hizo zinairuhusu korti kuifuta hukumu ya namna hiyo ukiomba. Korti itauliza kwa nini ulichelewa, kisha itauliza jambo lililo zito zaidi: huo utetezi unaotaka kuuleta una kitu ndani? Ndiyo maana ombi la kufuta hukumu huambatishwa rasimu ya utetezi. Zile 40,000 za M-Pesa ni kitu. Umaskini peke yake si kitu.

Nyongeza: deni lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambako utaratibu ni mwepesi na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Tazama kichwa cha karatasi zako uone ni korti gani. Kama ni hiyo, fomu zake ni tofauti na hizi nilizokueleza.

Mzee, mulembe. Niko Malava. Jirani alikuja kwetu usiku na panga kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kijana wangu alimpiga kwa mpini wa jembe akamvunja mkono. Sasa ni kijana wangu aliyeshtakiwa, ati kujeruhi vibaya, na wiki ijayo anasomewa mashtaka. Watu wananiambia akubali tu haraka ili apewe kifungo cha nje yaishe. Alikuwa anajihami. Tufanyeje?

Mulembe mama. Hao wanaokushauri akubali, waulize kama wanajua adhabu ya juu kabisa ya kosa hilo katika Kanuni ya Adhabu. Ni kifungo cha maisha. Sisemi atafungwa maisha. Nasema hakuna aliye na uwezo wa kukuahidi kifungo cha nje kabla hakimu hajasikia kesi.

Tuanze na siku hiyo ya kusomewa. Atasimama kizimbani, shtaka litasomwa kwa lugha anayoielewa. Asipokielewa Kiingereza wala Kiswahili vizuri, Katiba, kifungu cha 50, inampa mkalimani bila malipo. Aombe. Asione haya kwa sababu alifika kidato cha pili. Kisha ataulizwa: ni kweli au si kweli? Hapo ndipo vijana wengi huanguka, kwa sababu ni waungwana. Wanasikia "ulimpiga fulani kwa mpini wa jembe" na kweli walimpiga, basi wanajibu, "Ni kweli."

Nilikuwa Kakamega wakati mzee mmoja kutoka upande wa ziwa aliposomewa shtaka la namna hiyo. Alijibu kwa Dholuo: "En adier, to en ema nokwongo goya." Ni kweli, lakini yeye ndiye aliyeanza kunipiga. Kiongozi wa mashtaka, aliyekuwa na mafaili mengi asubuhi ile, alishaanza kufungua karatasi ya maelezo aliposikia adier, neno analolijua kila mtu. Ile "to" ni herufi mbili, na ukiitamka haraka inapotea. Nikamwambia hakimu sentensi yote na nikakazia sehemu ya pili. Hakimu akainua kalamu, akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Alifanya sawasawa: mtu anayesema nilipiga kwa sababu nilikuwa napigwa hajakubali kosa, ameeleza utetezi wake. Tangu 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka wazi kwamba jibu la mshtakiwa liandikwe karibu na maneno yake mwenyewe iwezekanavyo, na hata akishakubali asomewe maelezo ya kisa kizima. Akiyapinga, au akisema neno linaloonyesha ana utetezi, kukubali kwake kunafutwa na anaandikwa amekana. Nimewahi kuwasikia wakalimani wenzangu wakiimeza hiyo "lakini" ili kazi iende. Sikuwahi kuwasamehe.

Kwa hiyo akiulizwa, aseme "si kweli" au aseme sentensi nzima na "lakini" yake. Asiikate katikati.

Kuhusu kujihami kwenyewe, sheria yetu haikutunga maneno mengi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema tu kwamba mtu aliyetumia nguvu kujilinda au kulinda mali atapimwa kwa misingi ya sheria ya mazoea ya Uingereza (common law), ile iliyojengwa na maamuzi ya majaji wao. Ndiyo, mpini wa jembe wa Malava unapimwa kwa mzani wa Uingereza. Hayo ndiyo tuliyoyarithi. Kesi inayotajwa sana katika korti zetu ni ya Palmer, rufaa iliyotoka Jamaika na kuamuliwa London mwaka 1970. Ilisema kwa kifupi kwamba aliyevamiwa hawezi kutarajiwa apime kwa kijiko kiasi cha nguvu anachotumia, na kwamba akifanya kile alichoamini kwa dhati kuwa ni lazima wakati ule wa hatari, huo ni ushahidi mzito kwamba nguvu zake zilifaa. Na kijana wako akishaileta hoja hiyo, si kazi yake kuithibitisha. Ni upande wa mashtaka unaopaswa kuibomoa.

Lakini watajaribu kuibomoa, na nakwambia watakakoanzia. Jirani alipigwa mara ngapi? Pigo la mkono lilikuja panga ikiwa bado mkononi, au baada ya kuanguka chini? Kama jirani alikuwa ameshageuka anakimbia, hatari imekwisha, na pigo linalofuata ni kisasi. Mvamizi alikuwa ndani ya boma au barabarani? Sheria haimlazimishi mtu kukimbia kwake, ila hakimu atatazama kama kulikuwa na njia rahisi ya kuepa. Na panga yenyewe iko wapi? Kama mnayo nyumbani, isioshwe, isitumiwe kufyekea. Ipelekwe polisi na muombe iandikwe kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Nimeona kesi ambamo kila shahidi anataja panga na hakuna aliyeileta, na hakimu anabaki na mkono uliovunjika na fomu ya P3 ya mlalamishi tu, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha. Kama kijana naye ana kovu au alichubuka, aombe P3 yake.

Mtafutieni wakili. Kama hamna uwezo, Katiba inataka Serikali impe mshtakiwa wakili pale ambapo bila wakili atakosa haki kwa kiasi kikubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imeweka njia ya kuomba. Amwambie hakimu siku hiyo hiyo ya kwanza, kwa sauti, ili iandikwe.

Karani, mambo? Mimi ni mtu wa boda, Kaptembwa, Nakuru. Nilinunua pikipiki kumbe ni ya wizi. Mashahidi wamemaliza, hakimu amesema nina kesi ya kujibu. Ina maana ameshanihukumu? Na nimeambiwa nichague jinsi ya kujitetea. Nichague ipi?

Hajakuhukumu, kijana wangu. Amesema tu kwamba walichokileta wenzako, kama kingeachwa bila kujibiwa, kinaweza kumtia mtu hatiani. Angeona hakitoshi, angekuachilia palepale chini ya kifungu cha 210 cha sheria ya kesi za jinai. Sasa uko kwenye kifungu cha 211, na milango ni mitatu. Unaweza kula kiapo, utoe ushahidi na kuhojiwa na kiongozi wa mashtaka. Unaweza kusema bila kiapo ukiwa kizimbani, na hakuna atakayekuhoji. Au unaweza kunyamaza, na ni haki yako. Kunyamaza hakuwezi kuhesabiwa kuwa umekubali. Vyovyote utakavyochagua, unaweza kuita mashahidi.

Vijana wanaupenda mlango wa kati kwa sababu wanaogopa maswali. Maoni yangu, na hapa nazungumza kama mtu aliyekaa kwenye vyumba hivyo miaka mingi: maneno yasiyo na kiapo hakimu huyasikiliza, ila huyapa uzito mdogo, maana hayakujaribiwa. Wewe umeshtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi, na kesi yote inasimama juu ya swali moja, kama ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua. Hilo hujibiwa kwa maelezo yenye mwili. Mapatano ya mauziano yako wapi? Bei ilikuwa ya kawaida, au uliuziwa nusu bei saa tatu za usiku? Uliomba kuona cheti cha umiliki? Aliyekuuzia unaweza kumtaja? Kama una majibu mazuri, mlango wa kiapo unakufaa. Kama hayapo, zungumza na wakili kabla hujafungua mdomo.

Kuna jambo linaloniuma katika barua yako. Unasema "mashahidi wamemaliza". Uliwauliza nini? Maneno mawili niliyoyatafsiri kuliko yote maishani mwangu ni "sina swali". Afisa anatoa ushahidi, anasema mshtakiwa hakuonyesha karatasi yoyote, mshtakiwa anaulizwa kama ana swali, anatazama chini: sina swali. Miezi minne baadaye anasimama anasema, "Nilimwonyesha yule afisa mapatano akayakunja akayaweka mfukoni." Kiongozi wa mashtaka anainuka polepole: alipokuwa hapa mbona hukumuuliza? Utetezi huanza shahidi wa kwanza wa upande wa pili anapoanza kusema, na ndiyo sababu Katiba inakupa haki ya kupata maelezo ya mashahidi mapema. Kama kuna shahidi uliyemwacha apite na ana jambo kubwa, muombe hakimu aitwe tena uulize. Hakimu anao uwezo huo. Akikataa, angalau imeandikwa uliomba.

Mwalimu wa Kiswahili, Bungoma: Wanafunzi wananibana. Kiingereza kina neno moja, "defence", nasi tuna ulinzi, utetezi, kujihami, kinga. Lipi ni lipi?

Mwalimu, nitakujibu haraka maana barua ni nyingi. Nchi hulindwa: Wizara ya Ulinzi, na majeshi ya ulinzi ambayo kwa mujibu wa Katiba ni ya nchi kavu, anga na maji. Hapa Nakuru hatuwezi kusahau neno hilo, kambi ya jeshi ya Lanet iko jirani, na timu ya wanajeshi, Ulinzi Stars, ilichezea uwanja wa Afraha miaka mingi na kuchukua ligi 2003, 2004, 2005 na 2010. Kortini ni utetezi. Anayezuia pigo la panga anajihami. Mwili dhidi ya surua una kinga. Kwenye mpira watangazaji husema safu ya ulinzi au ngome, na jukwaani kwenye uwanja wa Bukhungu, Kakamega, watu husema difensi na mabeki. Mimi sioni ubaya. Bobby Ogolla alipokuwa beki wa Gor Mahia, timu iliyochukua kombe la Afrika la washindi 1987 mbele ya Esperance ya Tunisia, hakuna aliyengoja kamusi ndipo aelewe anafanya nini pale nyuma.

Ila wanafunzi wako waambie wasimwite wakili wa mtuhumiwa "mlinzi". Nimeona hilo kwenye insha, na mlinzi ni yule wa getini.

Mwanafunzi, Maseno: Natetea tasnifu yangu ya uzamili mwezi ujao. Una ushauri wowote kutoka kortini?

Binti yangu alitetea yake Egerton, Njoro, nikamsaidia kufanya mazoezi sebuleni. Tulifanya kitu kimoja: nilimuuliza swali, na hakuruhusiwa kujibu kabla ya kulirudia swali kwa maneno yake. Nusu ya mara alikuwa anajibu swali jingine kabisa, lile alilolitaka. Mtahini akikwambia sampuli yako ni ndogo, usimweleze ulivyoteseka kuipata. Mwambie kwa nini ukubwa ule unatosha kwa swali lako, au kubali kwamba una mipaka na umeiandika ukurasa fulani. Huko hakuna haki ya kunyamaza, pole.

Mzee, niko Mumias. Unaweza kuniandikia utetezi wangu? Nitakulipa.

Hapana. Sheria ya Mawakili hairuhusu mtu asiye wakili kufanya kazi ya wakili, na sijafika umri huu nianze kufukuzana na polisi. Yule wa mashine ya kuchapa aliye nje ya lango la korti naye ni hivyo hivyo, hata akikwambia amefanya kazi hiyo tangu zamani. Nenda dawati la huduma ndani ya korti iliyotoa samansi yako, ubebe samansi yenyewe na kitambulisho. Kwa madai madogo fomu ya majibu imeshaandaliwa, unajaza tu. Fika saa mbili asubuhi, kabla makarani hawajaingia na mafaili kwa hakimu.